Uhta, alfajiri waliyoisahau Waingereza

Miaka elfu moja iliyopita, Mwingereza aliyeshtuka usingizini usiku ukikaribia kwisha alikuwa na jina la saa ile. Aliiita uhta, na h yake itamkwe kama kh ya kheri. Usiku wa manane ulikuwa umeshapita, na asubuhi ilikuwa bado. Uhta ilikuwa ngwe ya mwisho ya giza, pale jogoo ameshawika lakini mtu bado hamtambui aliye mbele yake.

Leo neno hilo halimo kinywani mwa Mwingereza yeyote. Wao wanasema dawn, nomino iliyoingia vitabuni mwishoni mwa karne ya 16, enzi za Shakespeare. Uhta ni kongwe kuliko hilo kwa mamia ya miaka. Lilisaliwa, likaimbwa, likaliliwa, kisha likaachwa. Nimelifuatilia kwa sababu naamini historia yake inatuonyesha vizuri jinsi neno linavyotegemea watu wanaoishi nalo.

Kwanza tuelewe nchi yenyewe. Sisi tulio jirani na ikweta tumezoea jua lisilotembea mbali na saa kumi na mbili asubuhi, mwaka mzima. Uingereza mambo si hivyo. Katikati ya Desemba jua la London huchomoza kama saa mbili asubuhi, na usiku huchukua takriban saa 16. Juni jua hutoka hata kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu asiye na saa ya ukutani, usiku wa namna hiyo ni pori lisilo na njia, na ilibidi upasuliwe vipande vyenye majina. Mtawa Bede wa Northumbria, katika kitabu chake cha mwaka 725 kuhusu hesabu ya nyakati, aliugawa usiku sehemu saba. Mwishoni mwa karne ya 10 padri Ælfric akazitaja sehemu hizo kwa Kiingereza cha wakati wake: utusiutusi wa jioni, jioni yenyewe, saa ya ukimya, usiku wa manane, kisha hancred, yaani majogoo, halafu dægred, weupe wa kwanza, na mwisho asubuhi ya mapema kabla ya jua. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa majogoo. Uhta ilitandazwa juu ya zile sehemu za mwisho, kuanzia majogoo hadi kunapopambazuka.

Neno hilo Waingereza hawakulizua kisiwani. Walikuja nalo kutoka bara, pamoja na ndugu zao wa lugha za Kijerumani. Ushahidi wa zamani kabisa tulio nao unatoka kwa Wagothi, kabila ambalo askofu wao Wulfila aliwatafsiria Biblia katika karne ya 4. Katika Injili ya Marko sura ya 1, pale Yesu anapoamka mapema mno na kwenda mahali pasipo watu kusali, Wulfila alitumia uhtwo. Aya hiyo bado inasomeka katika kitabu kilichoandikwa Italia karne ya 6 kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, ambacho sasa kimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Kwa hiyo tangu neno lilipoandikwa mara ya kwanza limefungamana na mtu anayeamka gizani kwa ajili ya sala. Kuhusu mzizi wake, wanaisimu wengi wanaliweka ukoo mmoja na maneno ya kale yenye maana ya usiku. Waingereza waliihesabu uhta upande wa usiku, kama mkia wake.

Waliolishika neno kwa nguvu kuliko wote walikuwa wamonaki. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 inaagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba hadi Pasaka ndugu waamke saa ya nane ya usiku. Kanuni hiyo inajua udhaifu wa binadamu. Inataka wamonaki walale wamevaa na kujifunga mshipi, lakini wavue visu vyao wasije wakajichoma usingizini. Inataka taa iwake chumbani hadi asubuhi. Inawaomba watiane moyo kwa upole wakati wa kuamka, maana wenye usingizi hawakosi visingizio. Na inaagiza zaburi ya kufungulia sala isomwe polepole, kwa kuvutwa, ili aliyechelewa apate nafasi ya kuingia kabla haijaisha. Wanaoishi chini ya kanuni hiyohiyo Peramiho na Ndanda wanaijua saa hii vizuri kuliko mimi.

Sala hiyo ya usiku Waingereza waliiita uhtsang, wimbo wa uhta. Ælfric, akimwandalia askofu Wulfsige barua ya kuwafunza mapadri, aliitaja ya kwanza kati ya sala saba za siku. Na katika kitabu kidogo alichotunga kufundishia watoto Kilatini kwa njia ya mazungumzo, tunamkuta mtoto wa monasteri akiulizwa nani humwamsha kwa uhtsang. Anajibu kwamba siku nyingine husikia kengele akaamka mwenyewe, na siku nyingine mwalimu wake humwamsha kwa ukali, kwa fimbo. Aliyelelewa bweni au chuoni atamwelewa mtoto huyo mara moja.

Katika kitabu hichohicho anazungumza pia mkulima wa jembe la ng'ombe. Yeye hutoka na wanyama wake kunapopambazuka, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu anamwogopa bwana wake, na kila siku lazima alime ekari nzima au zaidi. Anaye kijana wa kuwaswaga ng'ombe kwa mchokoo, na kijana huyo amepwelewa sauti kwa baridi na kupiga kelele. Mkulima anaeleza kwamba kazi ni ngumu kwa kuwa yeye si mtu huru. Hapo tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa juu ya Kilatini haisemi uhta, inasema dægræd. Mtumwa alitoka na weupe wa kwanza, na mtoto wa kanisa alishaamka kabla yake.

Kuipata uhta yenyewe ilikuwa kazi. Askofu Asser, aliyeandika maisha ya Mfalme Alfred mwaka 893, anasimulia kwamba mfalme alitaka kumtolea Mungu nusu ya muda wake lakini alishindwa kujua saa za usiku, na za mchana wenye mawingu. Akaamuru itengenezwe mishumaa sita ya uzito sawa, ambayo ikiwashwa mmoja baada ya mwingine inamaliza usiku na mchana. Tatizo likawa upepo. Ulipenya milangoni, madirishani, kwenye nyufa za mbao na kwenye mahema, mishumaa ikawaka haraka na hesabu ikaharibika. Alfred akabuni taa ya mbao na pembe ya ng'ombe iliyoparuzwa hadi ikawa nyembamba ya kupitisha mwanga. Mfalme aliyekuwa vitani na Wadenmaki alitafuta pembe za ng'ombe ili asikose saa ya kusali. Kwangu mimi habari hiyo ina uzito kuliko vita vyake vingi.

Lakini uhta haikuwa ya sala peke yake. Ilikuwa pia saa ya hofu. Katika utenzi wa Beowulf, jitu Grendel linaingia ukumbini usiku na kuwabeba mashujaa 30, na ni wakati wa uhta watu wanapogundua kilichotendeka na kilio kinapanda. Mwishoni mwa utenzi huohuo kuna joka linalolinda hazina, na mtunzi analiita uhtsceatha, mharibifu wa uhta, na tena uhtfloga, mrukaji wa uhta. Joka hilo huruka gizani likichoma nyumba na hurudi pangoni kabla hakujacha. Nakala pekee ya utenzi huo, iliyoandikwa takriban mwaka 1000, ilinusurika kuteketea tarehe 23 Oktoba 1731, moto uliposhika jumba la Ashburnham mjini London ambako maktaba ya ukoo wa Cotton ilihifadhiwa. Kingo za kurasa ziliungua, na kwa miaka mingi baadaye zikaendelea kumomonyoka, herufi zikipotea moja moja.

Neno la huzuni kuliko yote yaliyozaliwa na uhta liko katika kitabu kingine, kinachokaa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza. Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, alikitoa kwa kanisa lake kuu. Kitabu hicho kimepata mateso ya kila aina. Kuna alama za kisu kwenye ukurasa wa mbele, doa la duara la chombo cha kimiminika, na kurasa za mwisho zilitobolewa na kitu cha moto kilichowekwa juu yake. Ndani yake kuna shairi la mistari 53 linalosemwa na mwanamke. Mumewe amevuka bahari na kumwacha. Ndugu wa mume wamepanga kwa siri kuwatenganisha. Yeye ameamriwa akae msituni, katika shimo la ardhini chini ya mwaloni, mahali pasipo rafiki. Tangu mume aondoke, anasema, amekuwa na uhtceare, yaani majonzi ya uhta, asijue bwana wake yuko nchi gani. Baadaye katika shairi anarudi kwenye saa ileile: wakati wa uhta anatembea peke yake chini ya mti, akizunguka mashimo yale, kisha anakaa kulia mchana mrefu wa kiangazi.

Neno uhtceare halikuandikwa mahali pengine popote katika maandishi yote ya Kiingereza cha kale yaliyotufikia. Mara moja tu, katika mstari wa 7 wa shairi hilo. Katika kitabu hichohicho cha Exeter yupo mwanamume mzururaji aliyepoteza bwana na jamaa zake, naye anasema kila uhta alilazimika kuyasema majonzi yake peke yake. Watu hao wawili hawahusiani, ila wameamshwa na saa moja. Mtu anayeamka kwenda kuimba na wenzake analivumilia giza la uhta. Aliyeondolewa watu wake anaamka vilevile, maana mwili umezoea, na hapo hakuna wa kuimba naye. Nadhani hiyo ndiyo sababu washairi wa zama zile waliuweka upweke katika saa hiyo.

Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari na kuitwaa Uingereza. Maaskofu na maabati Waingereza wakaondolewa au wakafa na kurithiwa na watu wa ng'ambo. Mfalme William alipofariki mwaka 1087, askofu Mwingereza aliyesalia kwenye kiti chake alikuwa mmoja, Wulfstan wa Worcester. Sala ya usiku haikukoma, wamonaki waliendelea kuamka, lakini mabwana wapya waliiita kwa jina la Kifaransa, matines. Uhtsang ikapoteza wenye sauti kubwa. Neno likishaondoka madhabahuni na shuleni, linabaki na wachache wasioulizwa.

Na wachache hao walikuwepo. Mapema katika karne ya 13, katika kaunti za magharibi, mwanachuoni mmoja asiyejitaja jina aliwaandikia mwongozo dada watatu waliochagua kufungiwa katika vyumba kandokando ya kanisa hadi kufa kwao. Mwongozo huo unaitwa Ancrene Wisse. Unawapangia ratiba ya sala, na sala ya kwanza bado inaitwa uhtsong. Wakati wa baridi waisali usiku. Wakati wa kiangazi waisali kwenye dahunge. Naomba msomaji aliangalie neno hilo la pili. Linatokana na kitenzi cha kale dagian, kuwa mchana, kukucha, na ndilo mzee wa dawn ya leo. Katika kifungu kimoja cha mwongozo wa wanawake watatu, neno linaloondoka na neno linaloingia yameketi pamoja. J. R. R. Tolkien, ambaye wengi wanamjua kwa hadithi zake za kubuni, alitumia miaka mingi ya kazi yake ya chuo kikuu juu ya lugha ya kitabu hiki, na mwaka 1962 alichapisha maandishi ya nakala iliyopo Cambridge.

Baada ya hapo uhta linaonekana kwa nadra. Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi mmoja wa kaskazini magharibi, anayedhaniwa na wengi kuwa ndiye aliyetunga pia utenzi wa Sir Gawain, alieleza asubuhi ya kuangamizwa kwa Sodoma, na wekundu wa macheo katika shairi lake unapanda wakati wa ughten. Ni neno letu, limebadilika sauti kidogo. Nakala ya shairi hilo nayo ilikuwa katika maktaba ya ukoo wa Cotton, na moto wa 1731 haukuigusa. Mjini London kwa wakati huo neno lilikuwa limeshakufa.

Warithi walikuwa wengi na waligombana muda mrefu. Dægred ya mkulima ilitoweka pia. Dagung, umbo la kale la ile dahunge, ikawa dawing, na takriban mwaka 1300 ikajitokeza dawning, umbo ambalo wanaisimu wengi wanaona limeathiriwa na lugha ya Waskandinavia waliolowea mashariki na kaskazini ya nchi tangu karne ya 9. Kutoka dawning watu wakachonga kitenzi dawn, kisha nomino. Pembeni likawepo dayspring, mchipuko wa mchana, neno zuri ambalo William Tyndale aliliweka katika wimbo wa Zakaria, Luka sura ya 1, alipotafsiri Agano Jipya. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 ikalihifadhi. Leo dayspring linasikika kanisani tu, tena kwa wanaosoma tafsiri hiyo ya zamani.

Linganisha na alfajiri yetu. Neno hilo lilikuja pwani kutoka Kiarabu pamoja na sala, na waliofunzwa dini wanajua kuipambanua alfajiri ya uongo, mwanga unaosimama wima kisha ukafifia, na alfajiri ya kweli inayotanda kwenye upeo, ambayo ndiyo inayofungua sala na kufunga daku. Tofauti hiyo ndogo ya mwanga ina jina kwa sababu kuna mtu anayeitazama kila siku, na mwadhini anayeitangaza. Uhta nayo ilikuwa na waadhini wake, ila walinyamazishwa.

Siku hizi neno limerudi, lakini nusu. Mwaka 2012 mwandishi Mark Forsyth alichapisha The Horologicon, kitabu cha maneno yaliyopotea kilichopangwa kwa saa za siku, na akaanza na uhtceare. Tangu hapo linazunguka mitandaoni likielezwa kama kulala macho alfajiri ukiwaza mambo ya kesho. Nafurahi kwamba linasomwa. Hata hivyo maelezo hayo yanamwondoa mwanamke wa Exeter katika neno lake. Yeye hakukosa usingizi kwa sababu ya madeni au mtihani. Aliachwa na mume, akafitiniwa na wakwe, akatupwa msituni. Anayelitumia neno hilo ana wajibu wa kulisoma lile shairi lote, na mistari 53 si mingi.

Mabaki mengine ya uhta yako hai, na hayajapita kwa waandishi. Waholanzi hutumia ochtend, asubuhi, kila siku bila kufikiri. Wasweden huenda kanisani gizani tarehe 25 Desemba kwa ibada inayoitwa julotta, uhta ya Krismasi. Karibu na mji wa Sheffield kuna kijiji kiitwacho Oughtibridge, kwenye mto Don. Tangu karne ya 12 jina lake linamtaja mwanamke Uhtgifu, zawadi ya uhta, aliyekuwa na daraja pale. Wanaume waliitwa Uhtred, shauri la uhta. Mmoja wao, mtawala wa Bamburgh, aliuawa mwaka 1016 alipokwenda kujisalimisha kwa Mfalme Cnut, na jina lake limepewa shujaa wa riwaya za Bernard Cornwell zilizogeuzwa tamthilia ya televisheni kuanzia 2015.

Jina hilo likawa jina la ukoo, Oughtred. William Oughtred, aliyezaliwa Eton mwaka 1574 na kufariki mwaka 1660, alikuwa padri wa kijiji cha Albury na mwalimu wa hesabu aliyewafundisha wanafunzi wake bila malipo. Ndiye aliyebuni rula ya kuteleza ambayo wahandisi waliitumia hadi kikokotoo cha mkononi kilipokuja. Katika kitabu chake Clavis Mathematicae cha mwaka 1631 alitumia msalaba mdogo uliolala kuonyesha kuzidisha, na kutoka hapo ukaenea duniani. Mwanafunzi wa darasa la tatu Tanga au Kisumu anapoandika 7 × 8, alama iliyo katikati aliianzisha mtu aliyebeba uhta katika jina lake.